Alama za Waya

Mundowie, 2 Julai 2019

Janelle mwanangu,

Salamu zikufikie hapo Adelaide, wewe na Craig na wale wajukuu zangu wawili wanaoogopa mboga. Mimi mzima, ila goti la kushoto, nalo limezeeka kwa haki yake. Mbwa mzima. Mvua hakuna, na aliyekuambia imenyesha huku kakudanganya.

Nina habari, isome umekaa. Mwezi ujao naingia kwenye mbio za mikweche, zile za kuchangia utafiti wa saratani. Tunatoka Port Augusta, tunapita jangwani hadi Birdsville, kisha Longreach, mpaka baharini Townsville. Siku saba, kilomita elfu mbili na kitu, nyingi zake vumbi tupu. Zinaitwa mbio lakini hakuna anayeshindana na mtu. Aliyefika ndiye kashinda. Masharti ni matatu: gari lisizidi thamani ya jokofu zuri, lisiwe lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, na wawili mnaoanza pamoja mmalize pamoja, ndani ya gari hilohilo. Kuhamia gari la wenzenu njiani ni marufuku, hata mkigombana.

Hilo sharti la tatu ndilo lililonivutia. Nitakueleza siku nyingine.

Mwenzangu garini ni Dulcie Rademacher, jirani. Najua, najua. Vuta pumzi kwanza ndipo ujibu.

Ningekupigia simu, lakini tangu ulipokuwa shule ya bweni tumeongea kwa barua na tukaelewana. Kwenye simu unaniambia "Baba, ongeza sauti" mpaka nasahau nilichotaka kusema.

Ni mimi babako,
Clarrie


Adelaide, 8 Julai 2019

Baba,

Shikamoo. Huku hatujambo sote. Craig anakusalimu, watoto wanauliza mbwa utamwacha na nani. Goti lako lipake ile dawa niliyokuletea, siyo ile ya ng'ombe.

Nimevuta pumzi. Nimevuta mbili. Dulcie Rademacher? Dulcie huyuhuyu ambaye Mama alikuwa anavuka barabara ili wasikutane mlangoni pa posta? Miaka ishirini na nane wametenganishwa na ua mmoja na hawakupeana hata chumvi, na leo Mama hajamaliza miaka miwili kaburini, wewe unakwenda naye jangwani siku saba! Watu watasema nini? Na usiniambie hawatasema. Mundowie ina watu mia mbili na hamsini na midomo mia tano.

Na kosa lilikuwa lake, Baba. Nilikuwa na miaka tisa lakini nakumbuka vizuri. Maonyesho ya kilimo ya mwaka themanini na tisa, meza ya keki za sponji. Ya Mama ikapata cheti cha buluu, cha mshindi wa kwanza. Ya Dulcie ikatolewa mashindanoni kwa kuwa ilikuwa na alama za waya juu, na hakimu akaiwekea kadi mbele ya ukumbi mzima: ALAMA ZA WAYA. Sasa mwanamke mzima wa Mundowie hajui kwamba sponji haipozwi juu ya waya mtupu, kwamba wavu unatandikwa kitambaa kwanza? Halafu akanuna. Hajapeleka keki pale mpaka leo. Kanunia uzembe wake mwenyewe.

Cheti cha Mama kiko hapa jikoni kwangu, kwenye fremu. Unajua kazi yangu, kutwa napokea simu za watu wanaolilia ambulansi. Nikirudi kutoka zamu mbaya nakitazama, najiambia angalau mtu mmoja katika ukoo huu aliwahi kufanya jambo likakosa dosari.

Tafuta mwenzako mwingine.

Bintiyo,
Janelle


Mundowie, 20 Julai 2019

Janelle mwanangu,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Goti limepona kabisa, na siyo kwa ile dawa yako, samahani.

Gari tumepata. Lilikuwa la marehemu Ern, mume wa Dulcie, limelala kwenye banda la kuku miaka kumi na moja. Tulipofungua mlango tukakuta kiti cha nyuma kina kuku wanne na mayai kumi na saba. Mmoja mwekundu aligoma kabisa kushuka, ikabidi tumtoe kwa ufagio. Injini ilikubali mara ya tatu. Ikatoa moshi, ikatoa manyoya, ikanguruma. Kwa kuwa kila gari kule hupambwa, tumelipaka rangi ya kahawia, tumelibandika manyoya ubavuni, na juu ya paa tumesimamisha glavu nyekundu ya kuoshea vyombo iwe kilemba cha jogoo. Honi nimeibadilisha, sasa inalia kama kuku aliyetaga. Nimefunga na redio koli, maana msafara mzima huwa unaongea na kusikilizana njiani.

Sasa nikueleze habari ya lile sharti la tatu.

Wiki ya mwisho pale hospitali mama yako aliniambia, "Clarrie, ile keki yenye alama ilikuwa yangu." Asubuhi ile ya maonyesho mambo yalimwendea mrama, akasahau kitambaa. Akaipeleka hivyohivyo, akiomba hakimu awe ameacha miwani nyumbani. Kule ukumbini upepo ukaingia mlangoni, ukapeperusha vikadi vya namba. Mama mmoja wa kamati akaviokota na kuvirudisha visivyo: cha mama yako kikaangukia keki ya Dulcie, cha Dulcie kikaenda kwenye ya Noreen wangu. Mama yako aliona; Dulcie hakuona, na kwa kuwa sponji zinafanana akaiamini namba. Akafungua mdomo aseme. Lakini cheti kilikuwa kimeshatua mkononi mwake, na mama yangu mimi, bibi yako, ambaye kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kumsifia mkwewe hata chai, alisimama akapiga makofi, akasema kwa sauti, "Kumbe anajua kupika!" Noreen akafunga mdomo. Aliniambia kila mwaka uliopita ulizidi kuufanya mzito.

Akaniapisha nimwambie Dulcie. Nikaapa. Huu mwaka wa pili sijasema. Kila nikienda kwake kusema, ananiwekea supu mezani, na mtu hawezi kusema jambo kama lile huku anakula supu. Ukweli mwanangu, naogopa. Tangu mama yako aondoke, Dulcie ndiye mtu pekee anayebisha mlango wangu. Nikisema, hatabisha tena. Kwake naweza kukimbia, na kwangu anaweza kuondoka. Ndani ya gari hakuna pa kwenda, na sharti linatufunga wote wawili. Siku saba ni nyingi, nitasema tu.

Babako


Adelaide, 28 Julai 2019

Baba,

Shikamoo. Wengine wote wazima, mimi kichwa kinaniuma tangu barua yako ifike.

Sikubali. Wiki ile Mama alikuwa amejaa dawa za maumivu. Siku hiyohiyo aliniambia mimi kwamba chini ya kitanda kuna mbuzi. Mbona hukwenda kumtafuta mbuzi?

Mama amekufa, hawezi kujitetea. Ukimpa Dulcie maneno hayo, kabla hamjafika Birdsville Mundowie nzima itakuwa inasema Noreen Hoskin alikuwa mwizi wa cheti. Wazee waliomzika kwa machozi watacheka dukani. Na mimi je, nitakitazama vipi kile cheti? Ninalo daftari lake la mapishi, na ndani alibandika picha ya gazeti ya siku ile, keki zote mezani. Nikipata nafasi nitaitoa nikuthibitishie kwamba ile keki haikuwa yake.

Sikuombi mambo mengi, Baba. Hili nakuomba: usiseme. Ukisema, usiniandikie tena.

Janelle


Marree, 14 Agosti 2019

Janelle mwanangu,

Salamu kutoka kwenye vumbi. Sijasema, kwa hiyo bado nina ruhusa ya kukuandikia.

Tuko magari sitini. Kuna gari limevaa gauni la harusi, kuna lililojifanya papa. Kiongozi wetu anaitwa Spud Hennessy, fundi bomba, jitu la miraba minne. Gari lake kalipamba kama bafu, lina hadi pazia na bomba la kuogea juu ya paa. Usiku anakoroma mpaka vigingi vya mahema vinalegea.

Leo mkanda wa feni ulikatika kilomita themanini kabla ya hapa. Vijana walitoka kwenye magari yao na simu mikononi kutafuta mtandao ambao haupo. Dulcie alishuka. Akaenda nyuma ya gari, akarudi na soksi zake ndefu za kanisani, akasema, "Funga hizi, na usizikodolee macho." Nikazifunga fundo la fundi wa vinu vya upepo, miaka arobaini ya kazi si bure, na tumefika nazo. Vijana sasa wanamwita Malkia.

Akishika usukani, kila gari tunalopishana nalo analiinulia kidole kimoja kulisalimu, kama watu wa huku tulivyozoea. Hata kangaruu waliokufa kando ya barabara anawasalimu. Nikamuuliza, hao je? Akasema, "Nao walikuwa wasafiri."

Nimejaribu mara mbili. Ya kwanza nikasema, "Dulcie, kuna jambo." Akasema, "Kama ni ekzosi, nimeshaisikia." Ikadondoka hapohapo. Ya pili nikasema, "Dulcie, Noreen alikuwa..." Akaniwekea mkono begani, akasema, "Alikuwa mwanamke mwenye bidii, Clarrie, nami namkumbuka kwa heri." Sasa mtu akishaambiwa hivyo aseme nini? Nikauliza kama amebakiza biskuti.

Wewe unasema nisiseme, mama yako anasema niseme. Wewe u hai na unajua kununa, yeye yuko kaburini na bado namwogopa.

Babako


Birdsville, 17 Agosti 2019

Janelle,

Sijui kama bahasha hii utaifungua. Mwili wangu mzima. Nimesema.

Nikueleze ilivyokuwa. Jana asubuhi tulitoka Mungerannie, mimi ndiye niliyeshika usukani. Barabara imekunjamana kama bati la paa, meno yanagongana. Dulcie ananimenyea chungwa. Akasema, bila kuulizwa na mtu, "Ern alikuwa anaipenda sponji yangu. Baada ya ile aibu sikumpikia tena. Miaka yote ile anaomba, mimi nakataa, mpaka akafa hajaionja tena. Nilikuwa mjinga, Clarrie. Keki tu." Akanipa pande la chungwa. Nikaona nikinyamaza sasa, sistahili hata kulimeza. Basi nikasema yote, keki, upepo, vikadi, makofi ya mama yangu, na kile cheti kilivyo jikoni kwako kwenye fremu.

Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu. "Noreen alijua siku ileile?" Nikasema alijua. Akaniambia, "Simamisha gari."

Akachukua kofia yake na mkoba wake, akashuka, akaanza kutembea. Kwenda wapi, Mungu wangu? Birdsville iko kilomita mia mbili mbele, kulia mawe, kushoto mawe, na nzi. Nikamfuata polepole na gari, nimetoa kichwa dirishani: "Dulcie, panda, jua kali. Dulcie, tafadhali." Kwa bahati mbaya kiwiko kikagusa honi. Hebu fikiria, mwanamke ana uchungu wa miaka thelathini, na mgongoni kwake kuna kuku wa tani moja anamlilia kwamba ametaga.

Hapo lile bafu la Spud likatupita mbio na kusimama mbele yetu. Spud akashuka, akaja dirishani kwangu, kofia ameikumbatia kifuani kama mtu aliyekuja msibani.

"Mzee Clarrie," akasema, "nakuomba unyanyue paja lako la kulia."

Nikanyanyua. Kumbe kipaza sauti cha redio koli kilikuwa kimeanguka kitini tangu Mungerannie, nami nimekikalia, kitufe kimebonyea. Magari sitini yamesikia kila neno. Na kitufe kikibonyea wewe mwenyewe husikii mtu, kwa hiyo walikuwa wananipigia kelele bure. Wameisikia habari ya cheti. Wamesikia pia nilivyomwambia Dulcie mapema kwamba Spud anakoroma kama pampu iliyomeza chura.

"La chura tutalizungumza siku nyingine," akasema, na alikuwa anafuta machozi, lile jitu.

Spud alimsihi Dulcie mpaka akapanda. Sharti ni sharti, gari hilohilo, watu walewale. Lakini alipanda nyuma, pale walipokuwa wanatagia kuku, akaomba redio ndogo ya mkononi. Tangu hapo hasemi na mimi. Anasema na msafara. "Msafara, mwambieni dereva wangu mbele kuna shimo." Na Spud kutoka kilomita tano huko: "Mzee, kuna shimo mbele." Jamani, nimemsikia, yuko kisogoni kwangu! "Msafara, mwambieni dereva wangu asijibu kwa ukali." "Mzee, usijibu kwa ukali."

Nilidhani nikisema nitapata nafuu. Sijapata. Nimeharibu jina la mama yako mbele ya watu mia moja na ishirini, na Dulcie nimempokonya kosa alilolizoea nikampa kinyongo kipya. Kama bado unasoma, niandikie kwa posta ya Longreach, hata mstari mmoja wa kunitukana.

Babako


Townsville, 21 Agosti 2019

Janelle, mwanangu bado,

Huku baharini kuna joto na mimi mzima. Longreach niliuliza barua mara mbili. Yule binti wa dirishani alinionea huruma akanipa kalenda. Sasa nina wanawake watatu wasiosema na mimi: wewe, Dulcie, na mama yako, na katika hao ni mama yako tu mwenye udhuru.

Tumefika. Gari limefika halina ekzosi, halina mlango mmoja, na ile glavu ya paani imebaki na kidole kimoja, wala sikuambii kipi. Pale mwisho wa safari watu walijipanga pande mbili wakapiga makofi. Spud akapanda juu ya bafu lake, akamwita Dulcie, akampa cheti walichokitengeneza kwa kipande cha boksi walichokipaka rangi ya buluu: Mshindi wa Kwanza, Sponji, 1989. Timu zote sitini zilikuwa zimetia saini. Mikono ya mafundi, ya walimu, ya wale vijana wa gauni la harusi. Mimi nilisimama kando nikilia kama mtoto, na sioni haya kukuambia.

Dulcie alikisoma mpaka mwisho. Kisha akamrudishia Spud, taratibu tu. "Asanteni, wanangu wazuri," akasema. "Lakini cha kwangu kiko Adelaide, jikoni kwa binti wa Noreen."

Magari yote yalipigwa mnada kuongezea mchango. La kwetu amelichukua mfugaji mmoja, anasema atalifanya banda la kuku, kwa hiyo limerudi kwenye kazi yake. Kesho tunarudi nyumbani kwa basi. Dulcie amekata tiketi ya kiti cha mbele kabisa. Mimi nimepewa cha nyuma, karibu na choo. Sharti la kukaa pamoja limekwisha.

Babako


Adelaide, 2 Septemba 2019

Baba,

Shikamoo. Natumaini mmefika salama na goti halikuvimba ndani ya basi. Sisi wazima.

Barua zako zote nimezisoma. Ya Birdsville niliichana, kisha nikaiunga kwa gundi ya watoto, kwa sababu Craig alitaka kujua ilikuwaje baada ya honi.

Sikukuandikia kwa kuwa nilikuwa na hasira, na nilikuwa natafuta ushahidi wa kukuumbua. Lile daftari la Mama lilikuwa mezani wiki mbili, naliogopa. Jana ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa mwanangu mdogo. Nikaoka keki, nikatoa ule wavu wa kupozea wa Mama, ule niliouchukua mimi baada ya mazishi. Unajua una waya mmoja uliopinda katikati? Ulikuwa kwako miaka yote, lakini nyie wanaume hamwoni vitu. Niliupinda mimi. Nilikuwa na miaka tisa, nikausimamisha juu ya kiti nikaukanyaga ili nifikie bati la biskuti, nikaanguka, nikapiga mayowe. Mama akaja mbio, akanichapa, akanibembeleza, akaurudisha wavu mezani, akaipindua upesi sponji ya moto juu yake. Nakumbuka alikuwa amevaa gauni lake la maonyesho.

Baba, ilikuwa asubuhi ile.

Nikaenda kufungua daftari. Picha ipo. Mama anacheka, cheti mkononi, nyuma yake ile keki iliyotolewa na kadi yake. Nikachukua lenzi ya Craig ya stempu. Alama zimenyooka, moja, mbili, tatu, nne, na ya tano imepinda katikati. Nikauweka wavu pembeni ya picha. Mkunjo ni uleule. Nimekaa sakafuni jikoni, watoto wanapiga kelele za keki, nami najua kitambaa kilisahauliwa kwa sababu yangu.

Na kile cheti nimekitazama kila asubuhi nikisema hakina dosari! Namuonea Mama huruma, nampenda vilevile, na nimemkasirikia, yote kwa pamoja. Angetuambia. Tungemcheka wiki moja yakaisha.

Leo nimekitoa kwenye fremu. Nimekipeleka posta kwa jina la Bi. Dulcie Rademacher, pamoja na picha, na ule wavu, na barua. Nimemwandikia kwamba jina la Mama liko mikononi mwake sasa, akitaka kulitangaza Mundowie nzima ana haki, sitasema neno. 

Akibisha mlango wako, niambie. Asipobisha, niambie pia, nitakuja kukuchukua ukae kwetu kidogo.

Bintiyo,
Janelle


Mundowie, 29 Septemba 2019

Janelle mwanangu,

Salamu nyingi, nyingi kweli. Mimi mzima, mbwa mzima, na jana ilinyesha.

Kifurushi chako kilifika tarehe tano. Najua kwa sababu Trevor wa posta alinipigia honi aniambie kipo, kina kona ngumu na kinaitwa cha Dulcie. Nikangoja. Siku, wiki, wiki ya pili. Geti lake limefungwa, kuku wake wananitazama kama mshtakiwa. Nilikula mayai ya kuchemsha mpaka mbwa akachoka nayo. Nilishatoa sanduku chini ya kitanda nije kwenu, nakuambia kweli, nilishakunja mashati.

Alhamisi asubuhi, ngo ngo ngo.

"Oveni yako inawaka?" Hakusalimu. Alikuwa na kikapu cha mayai ya bata na wavu wako kwapani.

"Inawaka," nikasema. "Yako ina nini?"

"Yangu imezoea nyama. Toka jikoni."

Nikakaa nje na mbwa saa mbili, tunasikilizia mwiko. Harufu ilipotoka dirishani, mwanangu, nilielewa kwa nini Ern alikuwa anaomba. Alipomaliza akapita mbele yangu na bati limefunikwa, akasema kitu kimoja tu. "Cheti nimekitundika chooni. Huko ndiko mtu anakaa akatafakari."

Maonyesho yalikuwa jana. Ukumbi uleule, milango ileile inayoingiza upepo, ila siku hizi vikadi vinabandikwa kwa gundi. Dulcie alivaa kofia yake ya harusini. Watu walipoona jina lake kwenye orodha ya sponji, baada ya miaka thelathini, walijazana mpaka ukumbi ukawa na joto. Hakimu, binti mgeni kutoka Port Pirie, akaipima kwa macho, akaisifu ilivyoumuka, akaigeuza kidogo kwenye mwanga. Akasikitika. Akaandika kadi, akaiegemeza.

ALAMA ZA WAYA.

 Nikasogea nikatazama. Moja, mbili, tatu, nne, na ya tano imepinda katikati.

Basi Mundowie ndiyo Mundowie. Bibi mmoja wa kamati akacheka waziwazi: "Jamani Dulcie! Kosa lilelile, miaka thelathini baadaye? Marehemu Noreen angekuwepo angekufundisha kutandika kitambaa!" Nikafungua mdomo, nilikuwa niseme mbele yao wote, lolote liwe. Dulcie akanikanyaga mguu, ule wenye goti bovu.

"Angenifundisha," akasema. "Noreen alikuwa na mkono. Mimi nimezeeka, nasahau." Na akasimama pembeni ya kadi ile mpaka wanafunga, kofia imenyooka, akipokea pole za watu. Hakuna hata mmoja aliyesikia habari ya mwaka themanini na tisa. Haijui mtu hapa isipokuwa mimi na yeye, wewe na Craig, na ule msafara, nao wako mbali na wanampenda.

Jioni tulirudi na keki kwangu. Akatoa sahani nne. Ya Ern akaiweka upande wa dirishani, ya mama yako pale alipokuwa anakaa, karibu na jiko. Nikavumilia, nikavumilia, nikashindwa. Nikamuuliza, "Dulcie, hivi kweli ulisahau kitambaa?"

Akanikatia kipande kikubwa, akalamba kisu.

"Sikusahau," akasema. "Kula."

Babako,
Clarrie